Raba, Eraser na Njia Zinazoleta Majina

Weka juu ya dawati kile kipande kidogo cheupe cha kufutia penseli, usitaje neno lolote, kisha muulize mtoto wa mji wa Mikumi, wilayani Kilosa, kinaitwaje. Huenda akasema raba. Kitabu chake cha Kiswahili kinamfundisha kifutio. Mwalimu wa Kiingereza anaandika ubaoni rubber, na mtalii wa Kimarekani aliyeshuka kunywa soda kabla ya kuingia hifadhini anakiita eraser. Kitu ni kimoja, majina ni manne, na hakuna aliyekosea hata mmoja.

Sasa kiweke pembeni, chukua kitabu. Mwingereza anasema book, Mmarekani anasema book, Mkenya na Mhindi wakizungumza Kiingereza wanasema book. Hapo pana swali linalostahili kufanyiwa sayansi: kwa nini kitabu kimewaunganisha watu wote hawa, na kifutio, kidogo hivyo, kimewagawa?

Tuanzie chini kabisa. Hakuna kitu chochote ndani ya kifutio kinacholazimisha kiitwe kifutio. Rangi yake, ulaini wake na harufu yake havina uhusiano wowote na sauti tunazotoa tunapokitaja. Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Uswisi ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916, miaka 3 baada ya kufa kwake, aliiweka kanuni hiyo mwanzoni kabisa mwa nadharia yake ya lugha. Ushahidi wake hauhitaji maabara. Kama kitu kingekuwa kinaamua jina lake, binadamu wote wangekuwa na lugha moja, na katika wilaya ya Kilosa peke yake Wasagara, Wakaguru na Wavidunda wasingehitaji kutafsiriana neno hata moja. Yapo maneno machache yanayoiga mlio, kama pikipiki, lakini ni machache mno, na kifutio hakitoi mlio wa maana.

Kama si kitu kinachoshikilia jina, basi ni nini? Ni watu kuzungumza. Mtoto hujifunza jina kwa mama, kwa kaka, kwa jirani wa dawati. Akibuni jina lake mwenyewe haeleweki, na kesho yake analiacha. Hivyo watu wanaozungumza kila siku huvutana na kubaki pamoja, bila kikao wala sheria. Ukiwatenganisha, ile nguvu ya kuvutana inapungua. Hawaanzi kutofautiana siku hiyo hiyo, maana kila upande umeondoka na maneno yale yale. Tofauti inaingia kitu kipya kinapofika. Kitu kipya lazima kipewe jina siku kinapoingia, na watu wawili wasioonana watakipa majina mawili.

Kutokana na hayo tunaweza kutabiri, na hapo ndipo maelezo yanapoanza kuwa sayansi. Vitu vilivyokuwepo kabla watu hawajatengana vitakuwa na jina moja pande zote. Vilivyokuja baada ya kutengana ndivyo vitakavyotofautiana.

Tuupime utabiri huo kwa Kiingereza. Waingereza walianzisha makazi yao ya kwanza ya kudumu Amerika ya Kaskazini huko Jamestown mwaka 1607, wakati safari ya bahari ilikuwa ya wiki nyingi. Waliondoka na maneno yao ya kitabu, kalamu, wino, karatasi, kiti, mlango na dirisha, na hayo yote yako sawa mpaka leo pande mbili za bahari. Hata penseli iliondoka nao, kwa kuwa Waingereza walikuwa wanachimba grafiti huko Borrowdale tangu karne ya 16. Kifutio cha mpira hakikuwa katika mizigo yao. Kilikuwa bado hakijazaliwa.

Kabla ya hapo watu walifutia mkate. Walichukua kipande laini cha ndani, wakakifinyanga na kukisugua juu ya mstari. Mwaka 1770 Joseph Priestley, mwanakemia wa Kiingereza, aliandika katika kitabu chake kuhusu uchoraji kwamba ameona kitu kinachofuta alama za penseli vizuri ajabu, na kwamba mtengenezaji wa vifaa Edward Nairne wa London anakiuza, kipande cha mchemraba wa nusu inchi kwa shilingi 3. Kilikuwa utomvu mkavu wa mti kutoka Amerika ya Kusini. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusugua, na kusugua kwa Kiingereza ni rub, Waingereza wakakiita rubber. Halafu utomvu wenyewe ukalirithi jina hilo, kisha miti yake, kisha matairi na viatu. Mpira wote wa dunia kwa Kiingereza umepewa jina la kazi ya darasani.

Wamarekani nao walikuwa mbali, na miaka michache baadaye wakawa na taifa lao. Kwao neno lililokamata ni eraser, yaani chenye kufuta. Utabiri wetu umesimama: kitu kilichozaliwa baada ya kutengana ndicho kilichobeba majina mawili.

Kabla hatujaendelea, tukitazame kifutio chenyewe kikifanya kazi, kwa sababu darasa linalokitaja jina kila siku mara nyingi halijawahi kuulizwa kinafanyaje. Grafiti ni kaboni iliyojipanga tabaka juu ya tabaka. Ndani ya tabaka moja atomi zimeshikana kwa nguvu, lakini tabaka na tabaka zimeshikana kwa udhaifu, kwa hiyo ukiiburuza penseli, tabaka zinateleza na kubaki juu ya karatasi. Karatasi nayo, ukiitazama kwa lenzi, si bapa: ni nyuzi zilizolaliana. Chembe za grafiti zimekaa juu ya nyuzi, hazijazama. Mpira unapopita, chembe zinanata kwenye mpira kuliko zilivyonata kwenye nyuzi, na msuguano unaunyofoa mpira uso wake katika yale makombo meusi unayoyapuliza. Kila kombo limeondoka na grafiti yake. Wino ni hadithi nyingine, kwa kuwa ni kimiminika: unazama katikati ya nyuzi na kukauka humo. Ndiyo maana mtoto anayefuta wino kwa raba huishia kutoboa daftari.

Mwalimu wa Mikumi ana bahati hapa. Barabara inayotoka mjini kwake kuelekea kusini inapita Kidatu na Ifakara hadi Mahenge, ambako ardhini kuna hazina kubwa ya grafiti inayojulikana duniani. Na njiani, Kilombero, kuna mashamba ya mpira ya Kalunga. Penseli na kifutio chake, mali ghafi zote mbili, zimo ndani ya mkoa wa Morogoro.

Turudi kwenye majina. Tumeshaona kwamba hakuna jina la lazima, lakini watu hawachagui ovyo. Wakipewa kitu kipya hukitazama, na jambo la kwanza linalowagusa ndilo linalokuwa jina. Anayetazama kazi husema eraser, na Kiswahili kikasema kifutio kwa mtindo huo huo uliotupa kichongeo na kifuniko. Anayetazama mali ghafi yake husema mpira, na Kiswahili kimelitumia neno hilo bila kuchoka: mpira wa miguu, mpira wa maji bustanini, mpira wa kiume. Hilo la mwisho lina jambo la kumwambia kijana wa Kilosa anayekwenda kusoma Marekani. Huko rubber ni kondomu. Akinyanyua mkono darasani kuomba rubber, ataeleweka vingine.

Wengine hutazama aliyekitengeneza. László Bíró wa Hungaria alipata hataza ya kalamu yenye gololi ndogo nchani mwaka 1938, akahamia Argentina. Uingereza wakaita kalamu hiyo biro, na Kenya ikalichukua; Argentina wenyewe wanaiita birome. Mfaransa Marcel Bich akaanza kuuza kalamu zake za bei nafuu mwaka 1950, akilifupisha jina lake la ukoo, na mashariki ya Kongo, ambako Kifaransa ndicho lugha ya darasani, msemaji wa Kiswahili anaandikia biki. Bara kwetu tunaandikia peni. Majina matatu kati ya Mombasa na Lubumbashi, kwa kitu ambacho babu zetu hawakukijua. Lakini neno kitabu, lililosafiri na dini na misafara ya biashara, watu wote hao wanalo. Kanuni iliyotufaa kwa London na Chicago imetufaa hapa pia, bila kubadilisha kitu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauna hata haja ya kutoka nje ya nchi. Panda boti Dar es Salaam, shuka Unguja, na shule imegeuka kuwa skuli. Bahari ile si pana kiasi cha kutenga watu, na kwa karne nyingi Waswahili wa pande zote mbili walikuwa wakisema chuo kwa mahali pa kusomea Kurani. Lakini shule ya serikali, yenye madawati na ubao, ilifika wakati Bara imo mikononi mwa Wajerumani na Zanzibar, tangu 1890, imo chini ya Waingereza. Bara wakachukua Schule, Visiwani wakachukua school. Wajerumani walishindwa vita na kuondoka, na neno lao limebaki linaandikwa kwenye mabango hadi leo. Lubumbashi, ambako mtawala alikuwa Mbelgiji, watu wengi hawakuchukua lolote kati ya hayo: wanasema mtoto amekwenda masomo.

Nimesema kanuni, sijasema sheria isiyovunjika. Ubao mweusi wa ukutani ulienea madarasani karne ya 19, muda mrefu baada ya Jamestown, lakini Mwingereza na Mmarekani wote walisema blackboard. Vitabu vya walimu vilikuwa vinavuka bahari, na neno likavuka navyo. Kenya, iliyokuwa chini ya Waingereza, leo inasema shule kama sisi. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi zote za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza. Watu wanaochapishiwa vitabu vya aina moja wanaanza kuvutana tena hata kama hawajaonana uso kwa uso.

Jambo jingine la kufundisha ni kwamba jina likishakaa, halifuati tena mabadiliko ya kitu. Vifutio vingi vinavyouzwa madukani leo ni vya plastiki, si utomvu wa mti wowote, na bado tunasema raba. Tunasema kalamu ya risasi, na ndani yake hamna risasi. Kosa hilo ni la zamani: wachimbaji wa kwanza walidhani grafiti ni aina ya madini ya risasi, hadi Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alipoonyesha mwaka 1779 kwamba ni kaboni. Chaki yetu nayo si mawe ya chokaa yaliyoipa jina lake la Kiingereza. Nyingi ni jasi iliyookwa, ikasagwa na kurudishiwa maji ikagandia kwenye kalibu.

Karatasi ya manila inastahili kutajwa polepole kidogo, hasa Kilosa. Ni ile karatasi nene, ya rangi, ambayo mwalimu anabandika ukutani ikiwa na picha ya moyo au ramani ya Afrika. Manila ni mji wa Ufilipino. Huko unalimwa mgomba usioliwa uitwao abaka, ambao nyuzi zake zilifanya kamba bora za meli, na kwa kuwa kamba zilisafirishwa kutoka bandari ya Manila, wanunuzi waliziita kwa jina la bandari. Kamba zikichakaa, viwanda vya karne ya 19 vilizisaga vikatengeneza karatasi ngumu. Leo karatasi hiyo hutoka kwenye mbao, na jina limebaki. Mkonge una kisa kama hicho. Jina lake la Kiingereza, sisal, ni la bandari ya Sisal huko Yucatán, Meksiko. Dkt. Richard Hindorf aliuleta katika pwani ya Tanga mwaka 1893, ukaenea hadi Kilosa na Kimamba, ambako vizazi vya vibarua kutoka kila pembe ya nchi waliukata. Mwalimu wa Kimamba anaweza kubandika manila ukutani na kuwaambia watoto kwamba jina la karatasi hii na jina la Kiingereza la mmea waliokata babu zao yamezaliwa kwa njia moja.

Na kaunta buku, lile daftari nene? Muulize Mwingereza wa leo counter book ni nini, atatazama juu. Kwetu kila mwanafunzi wa sekondari anajua, na anajua pia kwamba zipo za kwaya mbili, kwaya tatu na kwaya nne. Kwaya hiyo haihusiani na kuimba. Ni kipimo cha zamani cha wauza karatasi wa Ulaya, quire, chenye karatasi 24. Kwaya mbili ni karatasi 48 tu, lakini ukifungua kaunta buku ya kwaya mbili utakuta kurasa 192, kwa sababu kila karatasi kubwa hukunjwa mara moja ikawa mbili, na kila moja ina pande mbili: 48 mara 2 mara 2. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuipiga hesabu hiyo. Kwa watu wengi wa kawaida Uingereza kipimo hicho kimesahaulika, lakini kwetu katika duka la vifaa vya shule pembeni ya stendi bado kinatumika kila Januari. Mara nyingi neno hukaa muda mrefu zaidi pale lilipohamia kuliko pale lilipozaliwa.

Hapa mwanafunzi ataweka swali lake halisi, lile lililokuwa moyoni tangu mwanzo: "Mwalimu, sasa kwenye mtihani nikiandika ipi napata?" Ni swali la haki na lijibiwe bila kuzunguka. Vitabu vyetu vimefuata Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo rubber ni salama. Lakini mtoto aliyeandika eraser hajakosea Kiingereza, na kumpigia kalamu nyekundu ni kumfundisha jambo lisilo kweli. Ninaliona hili kuwa zito, kwa sababu mtoto wa kwetu anaingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yakigeuka Kiingereza kwa siku moja. Ana mzigo wa kutosha. Kumwongezea hofu kwamba kila kitu kina jina moja tu, na kwamba jina hilo analijua mwalimu peke yake, ni kumfunga mdomo. Akiambiwa kwamba Mskoti huita daftari jotter, kwamba Afrika Kusini kalamu nene ya rangi ni koki, kwamba mkebe wetu wa hesabu India ni geometry box, kwamba soletepu yetu imetoka Sellotape ya Uingereza na Marekani wao wanasema Scotch tape, anaanza kuuliza badala ya kuogopa.

Na akishaanza kuuliza, apewe njia ya kuuliza vizuri. Kazi hii ina historia. Mwaka 1876 Georg Wenker wa Ujerumani aliwatumia walimu wa shule za mkoa wa Rhine sentensi zipatazo 40, akawaomba waziandike kwa lahaja ya kijiji chao. Alipoendelea nchi nzima alikusanya fomu zaidi ya 40,000. Udhaifu wake ni kwamba alitegemea kalamu za walimu, na mwalimu ana tabia ya kusahihisha. Mfaransa Jules Gilliéron akafanya kinyume: alimtuma mtu mmoja mwenye sikio kali, Edmond Edmont, kati ya 1897 na 1901, akazunguka vituo 639 akiandika alichokisikia hasa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho, kupitia Mradi wa Lugha za Tanzania, kilitoa mwaka 2009 Atlasi ya Lugha za Tanzania, kikiweka lugha zetu kwenye ramani.

Kilosa na Mikumi ni mahali pazuri pa kufanya zoezi dogo la namna hiyo, kwa sababu zimo wilaya moja lakini zimelelewa na njia tofauti. Kilosa ni mtoto wa reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Bidhaa, karani na mwalimu walishuka kwenye behewa. Mikumi imekua kando ya barabara kuu ya Zambia, na tangu 1964 ina hifadhi ya taifa mlangoni, pamoja na wageni wake. Ikiwa majina hufuata njia, tungetegemea kuona alama ya njia hizo mbili vinywani mwa watoto. Ikiwa hatuioni, nayo ni habari: itatuambia kwamba kitabu cha shule na simu vimekuwa na nguvu kuliko reli na lami.

Wanachuo wa ualimu pale Ilonga, wilayani humo, wanaweza kulifanya kwa begi moja la vifaa: kifutio, dasta, peni, kichongeo, manila, kaunta buku, soletepu, pini ya kubania karatasi, mkebe. Kanuni ya kwanza ni kuonyesha kitu bila kukitaja. Ukiuliza, "Hii si mnaiita raba?" mtoto mwenye adabu atakuitikia ndiyo, na umeandika jibu lako mwenyewe. Andika lilivyotamkwa, usinyooshe. Andika umri, mahali mtoto alipolelewa, na kama unaweza mahali mwalimu wake aliposomea, kwa sababu jina linaweza kuwa limekuja na mwalimu kutoka Zanzibar au Bukoba na likakaa darasa moja tu. Uliza pia bibi na babu, ili uone kama tofauti ni ya mahali au ya umri. Kisha weka nukta kwenye ramani na uchore mstari kati ya jina hili na lile. Mstari huo wataalamu huuita isoglosi. Mmoja hauthibitishi kitu. Mingi ikipita mahali pamoja, hapo pana jambo.

Watakuwepo watoto watakaosema majina mawili kwa kitu kimoja, raba na kifutio, au peni na biro, na mkusanyaji mgeni wa kazi atashawishika kuchagua moja ili jedwali likae vizuri. Asichague. Aandike yote mawili kwa mpangilio yalivyotoka, na amuulize mtoto lipi analisema nyumbani na lipi mbele ya mwalimu.